Keria Niliyoifunga kwa Mipira

Mimi ndiye niliyekosa. Naanza hapo ili usinihurumie kabla hujasikia, maana watu wamenihurumia vya kutosha na kila pole ninayopewa inanichoma.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Meru. Nina mke, watoto wawili na gari dogo la familia. Mke wangu ni wa Kianjokoma, kule Embu, na safari ya kwenda kwao ndiyo iliyoniharibia maisha.

Mama mkwe alikuwa anateka maji mtoni tangu bomba lao lilipokauka. Nikaahidi kumpelekea tenki. Halikuwa kubwa, lakini ndani ya gari haliingii. Karibu mwezi mzima tukabishana nyumbani kama tuweke keria, ile fremu ya chuma ya kubebea mizigo, juu ya gari au tuache. Mke wangu hakutaka. Alisema gari ni la kubeba watoto, si lori, na tenki tulitafutie pikapu. Mimi nikaona aibu. Tenki langu lifikishwe na mtu mwingine? Nilitaka mama mkwe asimame mlangoni alione likiingia juu ya gari la mkwe wake.

Mwishowe akakubali kwa sharti moja: keria ifungwe na fundi, na isipokuwa tayari, tenki libaki.

Nikapata keria kuukuu kwa mtu mmoja kule Kiirua, ilikuwa imetolewa kwa gari la aina nyingine. Ijumaa nikaipeleka kwa fundi. Miguu yake ya nyuma ikashika vizuri, ya mbele ikakataa. Akaniambia vile vishikio si vya gari langu, nimwachie mpaka Jumatatu achomelee vingine. Na safari ilikuwa kesho yake, mama mkwe nilikuwa nimeshampigia simu!

Nikanunua mipira, ile ambayo watu wa boda boda hufungia mizigo. Nikafunga ile miguu ya mbele mwenyewe, nikakaza mpaka vidole vikauma. Tenki likapanda, nikalifunika na turubai, mipira ikafichika. Nilipofika nyumbani mke wangu aliniuliza swali moja tu.

"Fundi amemaliza?"

"Amemaliza," nikasema.

Laiti ningeuma ulimi.

Kesho yake, tulipofika mji wa Runyenjes, tulimkuta shemeji yangu Nyaga, mdogo wake mke wangu, amekuja na pikipiki kutulaki. Ni mwanamume wa watoto watatu, anakaa na mama yake na ndiye aliyekuwa akimkamulia ng'ombe. Mke wangu aliposhuka na watoto kununua mkate, Nyaga akaona turubai limelegea, akapanda kulikaza. Mara akasimama. Akaniangalia. Nikamtikisia kichwa asiseme kitu. Akauliza kwa sauti ya chini kama itashika kweli, nikamjibu tumeshakaribia. Nikamwambia akae nyuma yetu aangalie mzigo, akiuona unatikisika apige honi.

Mimi ndiye niliyemweka pale.

Tulipoanza kuteremka katikati ya mashamba ya chai, lori likatupita kutoka mbele kwa kasi, na upepo wake ukaingia chini ya turubai. Nikasikia honi ya Nyaga mara moja. Kisha juu yetu pakalia kama bati linalong'olewa, na gari likawa jepesi. Niliposimama, pikipiki ilikuwa ndani ya chai na keria imemlalia Nyaga miguuni. Mke wangu alikimbia bila viatu akiita jina la mdogo wake.

Hospitalini walimkata mguu chini ya goti.

Watu wakasema ni ajali. Kanisani wakaniombea hata mimi, kwamba Mungu anipe nguvu. Kila Jumamosi nilienda kumwona, na mke wangu akawa anamwambia mama yake kwamba ameolewa na mtu mwenye utu. Nikiyasikia maneno hayo nilitoka nje.

Wiki ya tatu nikamkuta Nyaga peke yake. Nikafungua mdomo nimwombe msamaha, akanizuia.

"Shemeji, mipira niliiona," akasema. "Nilinyamaza nisikuaibishe mbele ya dada. Makosa ni yangu pia. Hii maneno iishie kwetu wawili."

Jameni! Mtu amepoteza mguu kwa ajili yangu, na bado anajilaumu yeye. Hapo ndipo nilipoona uongo wangu umemgeuza yeye mwenye kosa, na nikinyamaza nitamwacha na kosa hilo maisha yake yote.

Jioni hiyo nikamwambia mke wangu kila kitu. Alikuwa jikoni anachambua maharagwe. Aliendelea kuchambua mpaka yakaisha, kisha akasema, "Kwa mama sitakusemea. Utaenda mwenyewe."

Nikaenda Jumapili baada ya ibada. Sikukaribia kiti, nilisema nikiwa nimesimama. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu kama Nyaga anajua. Nikasema anajua. Akachukua ndoo akatoka kwenda kukamua, maana sasa hakuna mwingine. Tangu siku hiyo nikimsalimia haitikii.

Mke wangu sasa yuko huko na watoto, anamsaidia mama yake. Sijui atarudi lini, na sina uso wa kumuuliza. Nikitoka shule nazunguka mjini mpaka miguu ichoke, kwa sababu nyumba ikiwa kimya hivyo siwezi kuingia. Nimejaribu kuomba, maneno hayaji.

Wewe unayesoma hili, na hasa mwanamume mwenzangu anayetaka kusifiwa na wakwe, nakusihi. Ukiulizwa kama kitu kimefungwa na unajua hakijafungwa, sema hakijafungwa. Mkeo atanuna, safari itaahirishwa, pengine watakucheka kule ukweni. Wakucheke. Mimi leo natamani kicheko hicho kuliko kitu chochote duniani.