Miwani Sita, Mtihani Mmoja

Pale shuleni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimu, wanafunzi, hata mkuu wa shule, wote walimwita Mama Upawa, maana upawa ulikuwa kama kidole chake cha sita. Kwa miaka ishirini na sita aliwapikia watoto wa watu uji asubuhi na maharage mchana, na chakula chake hakikupungua wala kumwagwa. Ukimwambia leo wako mia sita na arobaini, kumi na wawili wagonjwa, anatazama juu kidogo, midomo inamchezacheza, kisha anapima maharage kwa kopo. Basi. Hata wa mwisho kwenye foleni atapata, na muosha masufuria atakuta ukoko tu.

Siku moja mwalimu wa hesabu, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene, alisimama mlangoni mwa jiko akamtazama akipima.

"Mama, unajua hicho unachofanya kinaitwa uwiano?"

"Mimi nafanya maharage, mwalimu."

"Basi hayo maharage yako ndiyo yanayowatoa jasho wanangu darasani."

Walicheka, lakini neno lile likamganda kichwani. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na mitano, mama yake alipougua na wadogo zake wanne wakabaki wanamtazama yeye. Hakulalamika. Wadogo walisoma wote, mmoja sasa ni muuguzi. Yeye akabaki na upawa. Wiki moja baadaye alimfuata yule mwalimu, akafunga mlango nyuma yake kama mtu anayekwenda kukiri kosa.

"Hivi, mtu wa miaka hamsini wanamruhusu kufanya mtihani wa sekondari?"

"Ng'ombe hazeeki maini, mama. Leta daftari."

Kila siku saa kumi, masufuria yakishaoshwa, walikaa kwenye benchi nyuma ya jiko. Miaka mitatu ilipita hivyo. Mumewe, dereva wa lori mstaafu, alikuwa akimkuta anakariri kemia huku anamenya viazi.

"Mke wangu, ukifaulu utaniacha."

"Nikifeli ndiyo nitakuacha, kwa hasira."

Mitihani ikafika. Somo la mwisho lilikuwa hesabu, saa mbili asubuhi, katika kituo kilichokuwa upande wa pili wa mji, ambako hakujuana na mtu. Mama Upawa alipanda baiskeli yake mapema, kalamu mbili na kadi ya mtahiniwa zikiwa ndani ya mkoba. Alikuwa amebakiza robo tu ya njia, katika mtaa wa maduka madogomadogo, pale mtu mmoja aliyeegesha gari kando alipofungua mlango bila kutazama nyuma.

Kufumba na kufumbua, baiskeli ikabaki mlangoni na yeye akaruka. Aliona nyota mchana kweupe. Alipojikusanya, goti lilikuwa linavuja damu, sketi imepasuka hadi pajani, kiwiko cha kulia kinawaka moto, na miwani yake ya kusomea, aliyokuwa ameitundika shingoni kwa kamba, imekuwa vipande.

Mwenye gari, kijana mwenye tai, alimwinamia. "Mama, nisamehe! Sikukuona. Twende hospitali."

"Hospitali baadaye. Saa ngapi sasa?"

"Saa moja na dakika kumi na tano."

"Nina mtihani saa mbili."

"Mtoto wako ana mtihani?"

"Mtoto gani? Mimi!"

Kijana akaanza kuuliza mtihani gani. Lakini dada wa duka la dawa aliyekuwa amekuja mbio na pamba mkononi hakuuliza kitu. Alimkalisha kwenye ngazi za duka lake, akamsafisha goti, akalifunga. Mshona nguo wa duka la pili naye akaja na sindano. "Simama, mama, usitikisike," akasema, akapiga magoti akaishona ile sketi palepale mwilini, mishono mikubwamikubwa, huku wanawake wengine wawili wakimziba kwa vitambaa vyao ili wapita njia wasifaidi.

Mama Upawa alitoa kadi yake kuhakikisha haijachafuka. Akaitazama. Aliona wadudu weusi wanatembea. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, wadudu walewale. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, machozi yalimtoka.

"Nimekwisha," alisema. "Bila miwani mimi siwezi kusoma hata neno."

Kando ya ngazi zile alikaa fundi viatu, mzee mfupi mwenye mvi za kidevuni. Aliweka chini kiatu alichokuwa anakitia soli.

"Unasumbuka kuona vya karibu au vya mbali?"

"Vya karibu."

Mzee akasimama, akaweka viganja mdomoni kama mpiga mbiu. "Jamani! Mwenye miwani ya kusomea aje hapa! Kuna mwanafunzi anachelewa!"

Wakaja. Kutoka madukani, kutoka kituo cha basi, kutoka ghorofani. Miwani sita ikapangwa kwenye benchi la fundi viatu. Mama Upawa akawa anavaa moja baada ya nyingine na kuitazama kadi, umati umenyoosha shingo kama unangoja penalti. Ya mshona nguo ilizifanya herufi kubwa kama ndoo. Ya pili ilimpandishia barabara usoni. Ya tatu, ya karani mmoja aliyekuwa anangoja basi, ilimpa sura ya hakimu, ila hakuona kitu. Ya nne hapana, ya tano hapana. Ya sita ilikuwa ya fundi viatu mwenyewe, mkono mmoja wa miwani umefungwa kwa uzi wa nta.

"Namba ya mtahiniwa," alisoma taratibu, "sifuri, nne, moja, saba..."

Hakumaliza. Mtaa mzima ulilipuka kwa vifijo.

"Na wewe utashonaje, kaka?"

"Leo nitapiga soga. Viatu havikimbii bila wenyewe. Nenda!"

Baiskeli ikabaki kwa fundi. Mwenye gari alitazama nyuma mara tatu kabla ya kufungua mlango, kisha akaendesha kama aliyebeba mayai yenye haraka. Zilibaki dakika nne walipofika. Msimamizi wa mtihani alimzuia mlangoni.

"Wazazi wanasubiri nje, mama."

Alimnyooshea kadi. Msimamizi akatazama picha, akatazama goti, akatazama miwani yenye uzi. "Kiti cha kumi na nne," alisema, akampisha.

Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Kiwiko kilivimba, kila tarakimu ikawa na maumivu yake. Swali la tano lilimgomea. Akaliruka, akalirudia, likamgomea tena, akalitukana kimoyomoyo, likafunguka. Kengele ilipolia alikuwa anapigia mstari jibu la mwisho.

Yule kijana mwenye tai alikuwa bado yuko nje, tai amevua, anamngoja ampeleke hospitali. Daktari alitazama picha ya mfupa akatikisa kichwa.

"Una ufa kwenye kiwiko. Na umeandika nao saa tatu?"

"Ndio mkono wa kuandikia, daktari. Sikuwa na mwingine."

Kesho yake mumewe alimsindikiza kurudisha miwani. Walikuta baiskeli imenyooshwa gurudumu na kutiwa mafuta. Fundi viatu aliapa kwamba hamjui aliyeifanyia hivyo. Alikwenda kunywa chai, akarudi akaikuta mpya.

Matokeo yalitoka akiwa kazini, mkono umeshapona. Mwalimu wa hesabu aliingia jikoni na simu, akasoma kwa sauti yake nene. Masomo yote amefaulu. Hesabu, alama ya juu kabisa. Habari ikavuka jiko, ikaingia bwaloni, na watoto mia sita wakaanza kupiga sahani kwa vijiko hadi mkuu wa shule akaja kuuliza kuna moto wapi. Alipoambiwa, alichukua sahani na yeye.

Jioni ile Mama Upawa alipanda baiskeli hadi ule mtaa. Fundi viatu alimwona tangu mbali anavyotabasamu, akasimama, akaweka viganja mdomoni.

"Jamani! Tumefaulu!"

Dada wa dawa alitoka na wateja wake, mshona nguo akapiga vigelegele, na watu wa kituo cha basi, ambao hawakujua lolote, wakapiga makofi pia.

Mwaka ulipoanza, Mama Upawa aliingia chuo cha usimamizi wa majiko, darasa la jioni, kiti cha mbele. Siku ya kwanza mwalimu aliuliza ni nani anayeweza kukadiria chakula cha watu mia tano. Akanyoosha mkono.