Majani Yaliyorudi Nyumbani

Wiki jana nilikuwa kwenye kaunta ya duka la vifaa mjini Kisii, nikingoja kukatiwa bomba la maji, karani wa kituo cha kupokelea majani chai ya wakulima kule Ikonge alipoingia amenuna.

"Jana nilimrudishia mama yangu mzazi majani yake, mbele ya laini yote," akamwambia mwenye duka, mzee wa Kihindi. "Yalikuwa magumu, yamekomaa mno, na kiwanda hakiyataki. Ningefanya nini?"

Mzee akaweka msumeno chini. "Vitabu vyetu vya dini vinasimulia mpiganaji aliyekuta jamaa zake upande wa adui. Akaambiwa afanye kazi yake, matunda asiyaangalie."

"Matunda yamekuja yenyewe! Leo asubuhi mama amenichemshia majani yale yale, akasimama hapo mpaka nikamaliza kikombe."

Mzee akacheka hadi akashika kaunta. "Sasa hiyo ndiyo karma!"

Karani, ambaye Jumamosi huhubiri kanisani, hakulijua neno hilo la Kihindi la malipo ya matendo; akasikia karama, ile zawadi ya Roho Mtakatifu. "Karama gani, Mzee? Hiyo kitu ilikuwa chungu!"

Vitabu vya mzee sijavisoma, lakini mama yule naye alitimiza wajibu wake: alimpikia mwanawe kilichorudi nyumbani.