Waliobonyeza Nyumbani

Kipindi kile nilikuwa nimechoshwa na vitufe. Kazi yangu ni kupanga njia za kupita ndani ya tovuti: neno gani likae juu, lipi likae chini, na mtu akibonyeza hapa afikie wapi. Ukiieleza hivyo inasikika nyepesi. Inakuwa nzito pale unapokaa kando ya mtu na kumtazama akipotea, huku unajua njia na umekatazwa kumwonyesha. Nilitazama watu wakipotea kuanzia Migori hadi Homa Bay, na usiku nikifumba macho niliona mistari mitatu midogo, mmoja juu ya mwingine.

Mistari hiyo ndiyo menyu. Kwa aliyezoea simu, ni wazi kama kitasa cha mlango. Lakini hakuna aliyezaliwa akiijua. Sote tulionyeshwa na mtu, kisha tukasahau kwamba tulionyeshwa. Huko Awendo, mama mmoja muuza nyanya aliisugua kwa kidole akiniuliza kama kioo changu kimekwaruzika. Nikamwambia hapana, ajaribu kuibonyeza. Ikafunguka, na maneno yakashuka kama pazia. "Kumbe kuna nyumba ndani," akasema, kisha akanirudishia simu kwa sababu mteja wake alikuwa amefika.

Hospitali iliyoniita, huko Homa Bay, ilikuwa na tovuti ya kuweka nafasi za kumwona daktari. Walioanza walikuwa wengi, waliomaliza wachache. Msimamizi wa hospitali, mwanamume mpole ambaye tai yake ilikuwa imelegea tangu asubuhi, alikuwa na jibu tayari.

"Watu wetu hawajui kompyuta, madam. Wewe wafundishe tu."

Nilimwambia kwamba mgonjwa akikosa kuona choo cha hospitali hatumfundishi ujenzi. Tunaweka kibao. Akacheka, akasema haya basi, nitafute mahali pa kuweka vibao.

Njia yangu ya kutafuta ni rahisi. Nampa mtu simu, namwomba afanye jambo moja, kwa mfano atafute nafasi ya kliniki ya meno, kisha nanyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo gumu. Mimi ni mtu wa kueleza. Nilifundisha darasani kabla ya kazi hii, na mtu akikunja uso mbele yangu mdomo wangu hufunguka wenyewe. Kunyamaza kwangu ni kama kuzuia chafya. Lakini ukimsaidia, utajua tu kwamba wewe unaijua tovuti yako, na hilo halimfai mtu yeyote.

Kehancha nilikaa kwenye kivuli cha duka la mbolea na mkulima mmoja wa tumbaku, mzee wa Kikuria mwenye maneno ya utani. Alifungua ukurasa mmoja, akafungua wa pili, kisha akaona kitufe kilichoandikwa "Rudi". Akaitazama simu, akanitazama mimi.

"Mwalimu, hii simu yako inanifukuza."

"Inakufukuza vipi, mzee?"

"Inasema rudi. Nirudi wapi na bado sijafika?"

Waliokaa hapo wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia, "Rudi kwa mke wako, mzee, hata simu imekuona hujaaga." Nilicheka nao, nikaandika neno hilo kando. Aliyelitia hapo alifikiria Kiingereza, akaligeuza, akaenda zake. Katika Kiswahili "rudi" peke yake ni amri, na amri kutoka kwa mashine haipendezi. Nilipendekeza waandike "Ukurasa uliopita". Ni refu zaidi, ndiyo, lakini halimfukuzi mtu.

Kulikuwa na jingine: "Kuhusu Sisi". Wagonjwa wengi walilibonyeza wakidhani wao ndio sisi. Walitarajia habari za wagonjwa, wakakuta picha ya bodi ya hospitali imeketi kwenye viti vya bluu. Nilikusanya mambo ya namna hiyo wiki baada ya wiki. Nikipanda gari kwenda Homa Bay nilikuwa nayo, nikirudi Migori nilikuwa nayo. Kila nilipoyaeleza kwenye mkutano, mtu aliyekosa mkutano uliopita aliomba nianze upya. Nikaanza upya. Sikumlaumu mtu, ila sauti yangu ilikuwa imeanza kukwaruza.

Halafu ikafika wiki ya macho.

Madaktari wa macho walikuwa wamekuja kwa muda mfupi kupasua watu wenye mtoto wa jicho, na nafasi zote ziliwekwa kwenye tovuti. Asubuhi moja nilikuwa kwenye benchi la mapokezi nikingoja mtu wa kumjaribia menyu mpya, nikawaona mama mmoja wa makamo na mama yake mzee wakirudishwa kutoka dirishani. Aliyekuwa ndani ya dirisha hakuwa mkali. Alisema tu alichoagizwa kusema: nafasi za macho ni kwa tovuti. Yule wa makamo alikuwa muuza samaki kutoka Kendu Bay. Nilijua baadaye, ingawa ndoo aliyoibeba ilikuwa imeshanidokeza. Mzee alimshika bega akitembea nyuma yake, uso ameuinua kidogo kama wafanyavyo watu wanaoona mwanga bila kuona vitu.

Nikawasogezea nafasi. Nikajieleza kwamba mimi ndiye ninayetengeneza njia za tovuti ile.

"Ni wewe?" yule wa makamo akauliza. "Yawa! Basi leo tutaongea. Jana imenimalizia bando yote. Naandika, inakula. Naandika, inakula."

"Inakula vipi, dada?"

"Nikuonyeshe?"

Nikamwambia anionyeshe, na kwamba nitanyamaza kwanza ili nione inavyomfanya. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba daktari atamtazama tu akikohoa, lakini akakubali. Akaandika jina la mama yake, herufi moja moja, kwa kidole gumba. Akaandika mwaka wa kuzaliwa baada ya kubishana na mama yake kwa Dholuo, lugha yao. Akachagua jicho la kulia. Mpaka hapo alikwenda sawasawa, bila kusita, na nikaanza kufikiri kwamba shida yake ilikuwa mtandao tu.

Kisha tovuti ikamwuliza: "Mahali unapoishi".

Kidole kikasimama hewani. Akasoma tena. Akapandisha macho juu kabisa ya ukurasa, pale kwenye utepe wa kijani, akaona neno "Nyumbani", na uso wake ukatulia. Akalibonyeza. Papo hapo ikaja picha ya hospitali na daktari anayetabasamu. Jina la mama yake, mwaka, jicho la kulia, vyote vikatoweka.

"Umeona?" akasema. "Imekula."

Swali moja ninaruhusiwa kuuliza. "Hapo juu ulikuwa unatafuta nini?"

"Si nyumbani? Imeuliza anaishi wapi. Sasa huyu haishi Kendu Bay. Hata kwangu halali." Akapunguza sauti, ingawa hakuna aliyekuwa akitusikiliza. "Ni mama yangu. Kwetu ni mwiko, atalalaje kwa mkwe wake? Amewekwa kwa mama mmoja wa kanisa letu, huko chini karibu na soko. Nikiandika Kendu Bay ni uongo. Nyumbani kwake ni upande wa Migori. Ndiyo nikaona hapa wameandika Nyumbani, nikasema vizuri, hawa wanaelewa, wameweka mahali pake."

Kwa Wajaluo mtu ana nyumba ya kulala popote kazi inapomtupa, hiyo ni *ot*. Lakini nyumbani, *dala*, ni mahali pamoja tu, pale baba aliposimamisha boma, na ndipo mtu atakapozikwa. Anayeulizwa nyumbani hasiti kama anayeulizwa anaishi wapi. Tovuti ilikuwa imemwuliza swali gumu chini, ikamwekea neno jepesi juu. Akalifuata lile jepesi, kama ambavyo ningefanya mimi kama nisingekuwa nimeshazoea kwamba kwenye tovuti neno hilo maana yake ni ukurasa wa kwanza.

Nikaachana na kunyamaza. Nilimweleza polepole: hapo juu siyo mahali pa kuandika, ni mlango wa kutokea mpaka uwanjani. Hapa chini aandike Kendu Bay bila wasiwasi, kwa sababu hospitali inataka kujua tu ikupigie wapi na unatoka mbali kiasi gani. Si kesi ya ukoo.

"Kwa hiyo si uongo?"

"Si uongo. Analala wapi usiku wa leo?"

"Kendu Bay."

"Basi."

Akamtafsiria mama yake. Mzee akasema kitu kifupi, na binti akacheka. "Anasema hospitali ingeuliza hivyo, analala wapi, angejibu yeye mwenyewe."

Tukaanza upya. Jina, mwaka, jicho la kulia, Kendu Bay. Alibonyeza "Endelea" na sote watatu tukainamia kile kioo kilichopasuka pembeni, hata mzee, ambaye hakuona chochote. Kikazunguka, kikazunguka. Kikaandika: "Samahani, nafasi zimejaa."

Hakupiga kelele. Aliiweka simu pajani ikiwa imeangalia chini. "Jana zilikuwepo," akasema. "Jana niliziona na macho yangu." Kisha akaanza kufunga leso ya mama yake vizuri kichwani, kama watu wanaojiandaa kuondoka.

Nikawaomba wasiondoke. Nikaenda kwa msimamizi.

Alinisikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye faili. Akasema tovuti zote duniani zimeandika hivyo, Home, Nyumbani, ni kawaida. Nikamwuliza, bila ubishi kwa sababu sikuwa na nguvu za ubishi, "Wewe nyumbani ni wapi?"

"Karibu na Oyugis," akajibu haraka.

"Na hapa Homa Bay?"

"Hapa ni pa kulala tu, madam. Hapa nimepan..." Akakuna shingo, akacheka peke yake. "Sawa. Sasa tuandike nini?"

"Mwanzo. Halafu tuliondoe hapo karibu na maswali. Mtu akishaanza kuandika asione mlango wa kumtoa nje."

"Na lile la mahali unapoishi?"

"Tuulize: ukipigiwa simu leo, uko wapi?"

Akasema ni vizuri, itajadiliwa kwenye mkutano. Nilijua mkutano. Nikamwambia basi tusubiri mkutano kwa lile neno, lakini kuna mgonjwa nje ambaye neno hilo limemfanya akose nafasi aliyoitafuta jana, na madaktari wanaondoka. Hapo hakucheka. Akaniita nimfuate, tukaenda kwa muuguzi wa macho, mwanamke wa maneno machache. Alisema hawezi kumtoa aliyekwishapewa nafasi, na ni haki. Ila kila siku kuna asiyefika: gari limekosekana, au shinikizo la damu limepanda akaambiwa arudi. "Akae tu hapo," akasema. "Asile kitu. Sina ahadi."

Nikaenda kuwaambia hivyohivyo, bila kuongeza utamu. Binti akauliza kama mama akae bila kula mpaka lini. Nikasema sijui. Mzee akauliza kilichosemwa, akaambiwa, akaitikia kwa kichwa. Akavua viatu, akavipanga chini ya benchi.

Tulikaa. Binti alinisimulia samaki wanavyopungua na bei inavyopanda. Nilijaribu kurekebisha menyu kwenye kompyuta yangu, nikafuta, nikarudia, nikafuta. Walioitwa waliingia wakishikwa mikono, wakatoka na bandeji nyeupe. Kila jina likiitwa, binti alikaza shingo, kisha akalegea. Mchana ukapita. Wa dirishani akafunga dirisha kwenda kula, akarudi, akatukuta palepale, akatuletea maji bila kuombwa. Kisha akakumbuka kwamba mzee haruhusiwi, akakirudisha kikombe kimoja huku akiomba radhi.

Jua lilikuwa limeshaingia kupitia mlango wa magharibi muuguzi alipotokea na kusimama mbele yetu. Mwenye nafasi ya mwisho alikuwa ametoka Suba, akapimwa, damu ikakataa. "Mama huyu," akasema. "Haraka. Daktari amechoka."

Binti alisimama kwa haraka mpaka ndoo ikaanguka. Mzee yeye hakuharakisha. Alitafuta viatu vyake kwa miguu, akavaa, akaingia akiongozwa na muuguzi, na mlango ukafungwa. Binti akarudi kuketi, akaegemea ukuta, na kabla sijasema lolote alikuwa amelala mdomo wazi, mkono bado umeshika simu.

Sikumwamsha. Nilikaa na kompyuta imezimwa hadi mlango ukafunguliwa tena. Mzee alitoka na bandeji jicho la kulia, muuguzi akimwelekeza. Akaniuliza kitu kwa Dholuo. Nikamjibu kwa ile yangu ya kubahatisha kwamba binti amelala, na kwamba kesho watamfungua jicho. Binti akashtuka kwa sauti zetu, akaruka, akamshika. Mzee akamrudia swali lile, akajibiwa.

"Anauliza wewe ni nani," binti akasema, akijipangusa uso. "Nimemwambia ni yule madam wa tovuti."

Mzee akasema tena jambo, kwa utulivu, uso wake umeelekea mahali sauti yangu ilipotoka.

"Anasema sauti yako imechoka kuliko yake," binti akatafsiri. "Anasema uende ulale."