Kabanyana Aenda Kumkemea Pepo Bubu

Kabanyana alifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kutoka Kivu Kusini na watoto sita. Ng'ombe hakubaki hata mmoja, lakini sauti alifika nayo nzima. Ndiye kiongozi wa kwaya ya kanisa lao la Kiprotestanti, na akiomba, jirani wa tatu huitikia Amina akiwa shambani, jembe mkononi.

Mzigo wake ulikuwa kifungua mimba, Uwamahoro. Binti huyo alisoma Mbarara, akawa Mkatoliki, kisha akaingia kwa watawa wa ndani, wale wasiotoka nje ya ukuta wala kusema ila kwa lazima. Kwa miaka sita mama alikataa kukanyaga huko. Mwaka huu ikaja barua: "Mama, karibu nitaweka nadhiri za milele. Sitaziweka bila baraka yako."

Baraka gani? Kwao, nyumba isiyo na sauti ina msiba au ina ugonjwa. Yeye na wenzake wa chumba cha maombi wakafunga siku tatu, wakakata shauri: ni pepo bubu, yule wa kwenye Injili. Basi Kabanyana akapanda boda, akapita Masha vumbi likimpaka poda, akafika kwenye kilima cha watawa hao, ng'ambo ya Kamukuzi mjini Mbarara, Biblia kwapani. Nia yake ilikuwa kumfungua mtoto na kurudi naye.

Uwamahoro akaja chumba cha wageni, akakaa upande wa pili wa nondo zinazotenga watawa na wageni, akatabasamu tu. Kabanyana akasimama.

"Wewe pepo bubu! Mu jina la Yesu, toka! Achilia mutoto wangu!"

Sista Godeberthe, mama mkuu, ajuza wa miaka themanini, akaja mbio na fimbo yake akidhani kuna moto. Aliposikia ni maombi, akasimama akaitikia kwa nguvu: "Amina!" Nyuma yake, kwenye korido, watawa kumi na wawili nao wakaitikia.

Uwamahoro akacheka mpaka akashika nondo.

"Mama, pepo bubu iko wapi? Huku tunaimba mara saba kwa siku."

"Mara ngapi?"

"Saba. Tunaanza mbele jua itoke."

Kabanyana akakaa. Kwaya yake huimba Jumatano na Jumapili, basi.

"Na kama hamuimbi, munafanya nini?"

"Ninasikiliza, mama. Kule kambini, mu chumba cha maombi, tulikuwa watu kumi, bote tunalilia Mungu pamoja. Sikukuwa nasikia kama anajibu. Huku nasikia. Niko na furaha mingi."

Mama hadanganywi na uso aliouzaa. Kabanyana aliutazama ule uso kwa muda mrefu, akaona ni kweli. Akapitisha mkono kati ya nondo, akauweka juu ya kichwa cha mwanawe.

"Bakia, mwana wangu," akasema. "Hapa fasi Mungu anakujibia, usitoke."