Machozi ya Teki ya Pili

Mama alianza kupoteza uwezo wa kusikia nikiwa darasa la tatu, na mwaka huo huo mimi nikaanza kuigiza bila kujua. Alikuwa mfanyakazi wa mashine za kufuma katika kiwanda kimoja cha nguo huko Thika. Mlio wa mashine zile ulikuwa umemla pole pole kwa miaka mingi, hata akirudi nyumbani mtaa wa Kamenu jioni hakusikia neno lolote lililosemwa nyuma yake. Ilinibidi nimzunguke, nisimame mbele yake, nifungue mdomo vizuri na kuongea kwa uso mzima. Nikitaka kumsimulia mambo ya shule, nilikuwa mwalimu kwanza, halafu nikawa msichana aliyekosea, halafu darasa zima likicheka. Mama alikuwa akishika mbavu kwa kicheko. Tulikuwa wawili tu katika chumba kimoja cha kupanga kwenye ploti. Baba alikuwa amerudi kwao magharibi nikiwa mchanga, na hatukumwona tena.

Watu wa ploti walidhani mama ana maringo, kwa sababu walimsalimu akapita. Aliyemwelewa ni jirani mmoja, mama Mkikuyu aliyeuza mboga karibu na lango. Yeye alimshika mama mkono kwanza, akangoja atazamwe, ndipo akamsalimu. Nilimwita Cucu, kama Wakikuyu wanavyomwita nyanya yao, ingawa hatukuwa na undugu wowote.

Nilipofika sekondari, mwalimu wa drama alinipa sehemu ya mzee mlevi katika mchezo wa shule. Mama aliomba ruhusa kazini akaja kuniona. Alikaa safu ya mbele kabisa, shingo ameinyoosha. Tulipomaliza aliniambia, "Nimeelewa yote, isipokuwa yule kijana mrefu. Anaongea kama ana ugali moto mdomoni." Siku hiyo niliamua kwamba nitakuwa mwigizaji, na mama hakunikataza.

Kwa miaka mitatu baada ya kumaliza fomu foo nilienda odisheni za kutafuta sehemu za kuigiza, moja baada ya nyingine. Nilikuwa nikisuka nywele za watu Thika siku nyingine zote, na nikisikia kuna odisheni Nairobi naomba ruhusa. Kila mahali waliniambia jambo moja. "Uso wako ni mwingi sana kwa kamera," mwanamke mmoja aliniambia. "Unaongea kama unamweleza mtu aliye ng'ambo ya barabara. Punguza." Nikarudi nyumbani nikajifunza kupunguza. Nilisimama mbele ya kioo nikisema maneno huku mashavu yametulia na mdomo ukifunguka kidogo tu. Nilifanya hivyo kila siku mpaka ikawa tabia.

Jioni moja mama aliweka sahani chini akanitazama. "Siku hizi unaongea kama ukuta," akasema. "Sikupati." Nilicheka, nikarudia kwa uso wangu wa zamani. Lakini ilikuwa mara ya kwanza nilazimike kurudia neno kwa mama, kana kwamba tu wageni, na baada ya hapo ilitokea mara nyingi.

Kupunguza kulinipa kazi. Kwanza nilipata sehemu ya msichana wa nyumbani katika mchezo wa televisheni, wa kubeba chai na kusema "ndiyo, madam." Hata hivyo watu wa soko la Thika walianza kuniita madam. Halafu nikaitwa kwenye filamu ya kweli, sehemu kubwa, ya binti anayeletewa habari kwamba mama yake amekufa. Nilipomwambia mama habari ya filamu alinikumbatia. Sikumwambia hadithi yenyewe.

Tulirekodi katika nyumba ya kukodi Ruiru, nyuma ya mikahawa ya Kamakis. Harufu ya nyama choma ilikuwa ikivuka ukuta kuanzia saa nne asubuhi. Dairekta wa filamu alikuwa mwanamume wa makamo, mpole wa sauti, ambaye sote tulimheshimu. Hakuwahi kumfokea mtu. Kila asubuhi simu zetu zilikusanywa katika kikapu mlangoni ili zisilie wakati wa kurekodi.

Siku ya nane ilikuwa siku ya kulia. Nilipaswa kukaa mezani na kikombe cha chai, mwigizaji wa shangazi aingie alete habari ya kifo, na mimi nilie. Tulirudia mara sita. Sikutoa hata tone. Nilifikiria vifo vyote nilivyovijua, nikafikiria baba, nikajifinya paja chini ya meza. Kitu kilikuwa kimefungwa. Dada wa mekapu, mwanamke wa Juja aliyekuwa akiniita kairitu, yaani msichana kwa Kikuyu, alileta dawa ya mafua anipake chini ya macho. Dairekta akamzuia. "Sitaki machozi ya dawa," akasema. Kisha akanigeukia, kwa upole ule ule. "Ikishindikana kabla ya chakula cha mchana, tutabadilisha. Kilio tutampa anayeigiza dada yako mkubwa. Hutakosa kitu, utabaki kwenye filamu."

Nilijua maana yake. Bila kilio kile nilikuwa tu msichana anayekaa mezani. Nilijiona nikirudi kusuka nywele, na mtu akiniuliza kwa nini siku hizi sionekani kwenye televisheni. Walipoenda kunywa chai mimi nilibaki pale kwenye kiti, nikijiombea kulia kama mtu anayejiombea kupona.

Dairekta alirudi peke yake. Alichuchumaa kando yangu, karibu sana. Sikujua kwamba kamera ilikuwa inarekodi tayari.

"Mama yako amegongwa na lori," akasema. "Huko Thika. Wamempeleka hospitali."

Nilidhani ananisomea skripti kwa njia nyingine. Nikamuuliza, "Shangazi ndiye anasema hivyo?"

"Hapana. Si filamu. Mama yako mwenyewe. Jirani yako amepiga simu, anasema hakusikia honi. Hali si nzuri."

Ndipo nikaona simu yangu mkononi mwake. Alinyanyuka, akarudi nyuma hatua tatu, akatoka mbele ya kamera. Aliyeigiza shangazi alikuwa amesimama mlangoni, amejishika mdomo.

Nimeulizwa habari za kilio kile katika mahojiano mengi, na kila mara nimejibu kitu kingine. Ukweli ni huu. Nililia, ndiyo, na nililia kwa ajili ya mama. Lakini sikuinuka. Miguu ilitaka kukimbia na mimi nikaizuia. Nilijua taa iko wapi, nikageuza uso kidogo kuelekea pale. Nikasema maneno yangu yote kama yalivyoandikwa, hata yale marefu ya mwisho, bila kukosea.

Dairekta akasimamisha kamera. Mtu wa sauti alikuwa anajifuta macho. Kisha dairekta akaja na kusema, "Kulikuwa na kivuli cha maikrofoni ukutani. Tupe moja tena, kisha uende. Gari lipo."

Ningeweza kukataa. Hakuna aliyenishika. Mlango ulikuwa wazi, na kupitia pale niliona kikapu cha simu na kipande cha geti. Badala yake nilirudisha kikombe mahali kilipokuwa mwanzo, mpini ukielekea kushoto, ili picha zifanane. Nikapanguswa pua. Nikakaa. Nikalia tena, na mara hii nililia vizuri zaidi. Iliyo kwenye filamu ni teki ya pili, mara hiyo ya pili niliyolia.

Dada wa mekapu hakungoja gari la kampuni. Alinivuta mkono tukaingia kwenye gari lake, mimi nikiwa bado na blauzi ya njano ya filamu. Tukapita Juja. Halafu akasema, macho barabarani, "Yule ni mnyama. Lakini wewe, kairitu, ya pili uliirudia kwa nini?"

Nikamwomba aongeze mwendo.

Hospitalini nilimkuta Cucu kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji, amekumbatia kiatu kimoja cha mama. Aliniangalia kuanzia nywele mpaka viatu, akaona poda na rangi ya mdomo.

"Nimepiga simu mara saba," akasema.

"Yuko wapi?"

"Wamemwingiza sasa hivi. Dakika kumi hazijaisha." Aliweka kiatu chini, akakichukua tena. "Alikuwa macho. Alikuwa anaongea. Daktari alikuwa anamweleza kuhusu mguu lakini amefunika mdomo, na wote wamefunika. Alikuwa anawatazama hivi, anageuza kichwa huku na huku, haoni mdomo wa mtu. Wakamwandikia karatasi, lakini miwani yake imevunjika. Mimi nilijaribu, lakini alikuwa na uchungu, hata mimi hakunipata. Alikuwa anasema wakuite wewe. 'Muite msichana wangu aniambie.' Alisema hivyo mpaka mlango ukafungwa."

Dakika kumi. Nimezipima tangu siku hiyo. Nimepima kupanguswa pua, kupangwa upya kwa taa, kikombe, maneno yangu marefu.

Mama alipoamka nilikuwa mbele yake. Uso wangu wa zamani ulirudi wenyewe. Nilifungua mdomo vizuri nikamwambia kwamba mguu wa kulia umekatwa chini ya goti.

Alinitazama. "Rudia," akasema.

Nikarudia. Aliniambia nirudie mara tatu, na kila mara nilitamka polepole zaidi. Ya tatu aliinua shuka mwenyewe.

Filamu ilitoka mwaka uliofuata. Kipande kile cha kilio kilizunguka kwenye simu za watu kabla ya filamu yenyewe kuonyeshwa. Watu nisiowajua waliandika kwamba wamelia kazini, wamelia kanisani. Nilipewa tuzo, nikapigwa picha na watu wakubwa. Simu ziliingia, kila moja ikitaka kitu kile kile. "Tunataka ulie kama pale." Nilicheza mjane, nikacheza mama aliyepoteza mtoto. Vilio hivyo nilivilia kwa dawa ya mafua, na hakuna aliyetambua. Nilihamia Ruiru na mama, nyumba ya chini isiyo na ngazi. Thika nilikuwa siwezi kupita karibu na viwanda bila mtu kunisimamisha, na kila mara nilijiuliza kama ni pale walipomwokota mama.

Mama hakuwahi kuomba kuiona filamu, nami nikashukuru. Lakini Cucu alipokuja kututembelea alimwonyesha kile kipande kwenye simu yake, kwa nia njema tu. Nilikuwa jikoni. Niliporudi na chai, mama alikuwa ameshika simu karibu na macho.

"Hii blauzi," akasema. "Ulikuwa nayo hospitali."

Cucu akanitazama. Niliweka chai mezani.

"Ulikuwa umeshaambiwa?" mama akauliza.

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshasifiwa kote nchini kwa kudanganya kwa uso. "Ndiyo," nikasema.

"Ukamaliza."

"Ndiyo, mama. Nikarudia mara ya pili."

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alimrudishia Cucu simu, akasema, kama anayeeleza hali ya hewa, "Walikuwa wananiambia kitu, wamefunika midomo. Nilidhani wananiambia nakufa." Kisha akageuka akatazama ukuta. Wewe unayesoma haya unaweza kugeuka na bado ukanisikia. Mama akigeuka, hakuna njia nyingine ya kumfikia. Nilipiga magoti upande wa pili, akafumba macho. Cucu alinyanyuka, akaenda zake bila kunywa chai.

Tuliishi hivyo miezi mingi. Nilimpikia, nilimfunga mguu wa bandia asubuhi, naye aliniruhusu. Siku nyingine alinitazama, tukaongea mambo ya soko. Siku nyingine hakunipa uso wake kabisa, na mimi nilizunguka nyumba ile nikiongea peke yangu kama kichaa, nikiomba msamaha kwa mgongo wake. Halafu akaniambia anataka kwenda kukaa kwa kaka yake Kakamega. Nilimbembeleza. Nililia, na nilipoanza kulia aliangalia pembeni, na nikajua anajiuliza kama ni machozi ya kweli. Sikuweza kumlaumu. Hata mimi nilikuwa najiuliza.

Nilimpeleka mwenyewe. Mjomba alikuwa amemtengenezea chumba chenye mlango mpana. Mama alinishika mkono dakika moja, akasema, "Enda kazini."

Dairekta yule yule aliniita mwaka huu kwa filamu nyingine. Tulikutana hotelini Kamakis, na nikamuuliza jambo nililokuwa nimelibeba, kwa nini aliniambia habari ya mama huku kamera ikirekodi. Hakuficha. "Nilikupa kitu ambacho shule haiwezi kukupa," akasema kwa sauti yake ile ya upole. "Na wewe ulikichukua." Nilichukua mkataba nikaenda nao nyumbani. Ulikaa mezani wiki nzima. Nilijua hii ndiyo kazi ambayo ingenitoa kabisa katika vilio na kunipa jina nje ya nchi. Siku ya nane niliurudisha bila sahihi, na sasa amempata msichana mwingine, mdogo kuliko mimi. Namfikiria sana msichana huyo. Nilipata namba yake, nikamwandikia kwamba asiache simu yake katika kikapu. Hajajibu.

Nilimpigia mama simu ya video kumwambia nimekataa. Mjomba alishika simu ili mama aone mdomo wangu vizuri. Nilimweleza yote, pole pole, kwa uso mzima. Nadhani nilitaka aseme kitu.

"Ungeichukua tu," mama akasema. "Ya kukataa kwa ajili yangu ilishapita."

Kisha akauliza kama mvua imefika Ruiru. Nikamwambia bado.