Fundo la Ngamia Mashuani

Juzi, nikiwa kwenye foleni katika ofisi moja hapa Isiolo, msichana wa Oldonyiro, kule nyikani, alikuja kuomba barua ya kumtambulisha, apate kazi ya ubaharia kwenye mashua ya watalii kule Naivasha. Karani akacheka.

"Dada, kwenu maji ni ya jerikeni. Si niandike mpishi tu?"

"Hapana, bosi. Mwanamke akianzia jikoni, usukani hataushika."

"Na kamba, unazijua?"

Msichana alichukua kamba ya faili, akaifunga kwenye mguu wa meza. Karani akaivuta kwa mikono miwili; meza ikasogea, fundo likakaa. Msichana akavuta ncha kwa vidole viwili, likafunguka.

"Mama hufunga mzigo wa ngamia hivyo."

Karani akaandika "baharia" kwenye barua, akagonga muhuri. Miaka yote niliyopanga foleni pale, sijawahi kuona kitu kikifunguka haraka hivyo.