Bafta ya Germana

Germana, yule mjane wa Karatu aliyekuwa akifagia kanisa kila Jumamosi, alizaa mara nne, na Mungu akamwachia mmoja. Huyo mmoja alibatizwa Inosenti. Alipomaliza darasa la saba alipata kazi ya utingo kwenye lori la kupeleka mahindi Arusha. Dereva wake alikuwa Mwislamu wa Kondoa, mtu mpole, asiyegusa pombe. Mwaka wa sabini na tisa kijana akarudi nyumbani na kofia nyeupe kichwani, akasema sasa anaitwa Idrisa.

Germana hakulia mbele yake. Alikwenda nyuma ya nyumba akajifanya anatafuta jembe.

Wangeweza kuishi hivyo hivyo, kila mtu na sala yake, kama si kosa la Pasaka iliyofuata. Kijana alituma habari kwamba atafika, na Germana kwa furaha akamkamata jogoo, akamchinja kwa mkono wake mwenyewe, akamuunga kwa vitunguu. Pale kijijini hakuna sherehe isiyoitiwa Mwislamu wa kuchinja, ili wageni wote wale. Germana aliijua desturi hiyo tangu akiwa msichana. Ila siku ile haikumjia hata kidogo, kwa sababu hakuwahi kumhesabu mwanawe kuwa mgeni.

Kijana alikula ugali kwa maziwa ya mgando. Nyama akaisogeza pembeni, akasema taratibu kuwa hiyo hataweza.

"Mkono uliokulisha tangu hujaota meno," Germana akasema, "leo umekuwa najisi?"

Kijana alinawa, akaaga kwa heshima, na kwa miaka mitatu hakukanyaga tena pale. Neno lile Germana alilipeleka kwenye kitubio mara nyingi. Padre alimwondolea, yeye hakuweza kujiondolea.

Mwaka wa themanini na tatu dereva alimrudisha kijana kwa lori, tumbo limevimba, macho ya njano. Hospitalini walikuwa wamesema akae na mama yake.

Kila asubuhi, ukungu ukishapanda, Germana alimtoa nje akamlaza juu ya ngozi penye jua. Yeye aliketi karibu naye na Injili yake na katekisimu, mwanawe na msahafu wenye maelezo ya Kiswahili. Jioni alikuja Josephati, mdogo wa marehemu mumewe, katekista wa kigango chao, akabishana na mgonjwa mpaka mgonjwa akachoka. Alisema vitabu viwili vinavyopingana haviwezi kuwa vya kweli vyote viwili: kimoja kinasema Mungu ana Mwana, kingine kinasema hakuzaa wala hakuzaliwa. Kijana alikubali kwamba haviwezi, akaomba maji. Germana hakupenda mabishano yale. Yeye alikuwa na maswali yake, akayaweka mpaka wakabaki wawili.

"Bikira Maria yumo humo?"

"Yumo, Aayo." Alimwita hivyo, mama, kwa Kiiraqw cha utotoni. "Ana sura nzima yenye jina lake. Nyie mnamwimbia kila siku na hamjampa hata kitabu kimoja."

"Usinitanie. Soma."

Akamsomea jinsi uchungu ulivyomsukuma Mariamu mpaka kwenye shina la mtende, peke yake, hakuna Yosefu wala hori, akatamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Germana akatikisa kichwa polepole. Alisema hapo kweli, mwanamke huwaza hivyo, na Luka hakuligusa jambo hilo kwa kuwa Luka hakuzaa. Kijana akacheka, na kucheka kukamuumiza tumbo.

Kisha Germana akauliza habari za msalaba.

"Kwetu hakusulubiwa. Walidhani wamemuua. Mungu alimpandisha kwake."

Kila Ijumaa ya Kwaresima Germana alipiga magoti kwenye kituo kile cha Njia ya Msalaba Yesu anapokutana na mama yake, na magoti yake hayakuuma pengine popote kama pale.

"Kwa hiyo mama yake hakumwona akifa?"

"Hakumwona."

"Basi kitabu chenu kimemhurumia." Akamfuta jasho shingoni. "Ila siwezi kuamini hivyo, mwanangu. Ningependa, lakini siwezi."

"Najua, Aayo. Nikifa, nizikwe na Waislamu wenzangu. Usiwaache wakaniwekea msalaba."

"Na mimi nitakutafuta wapi huko?"

"Hilo sijui."

Alikufa Jumanne asubuhi, Germana akimpashia uji.

Josephati alikuwa ameshasema na fundi habari ya jeneza. Kaburi litachimbwa ubavuni pa baba yake, padre ataitwa. Ndipo akafika Maalim Rajabu wa mjini na watu wanne. Alisema kwa utaratibu kwamba marehemu ni wao, ila hatagombea maiti na mama yake. Tena hakuficha: sanda hawana. Mwaka ule nguo hazikupatikana. Walikuwa wamezunguka Karatu nzima wakatuma mtu hadi Mto wa Mbu, naye akarudi mikono mitupu.

"Unaona, shemeji?" Josephati akasema. "Mungu mwenyewe ameamua. Tumvike suti ya kaka, tumzike kwao."

Wote wakamtazama Germana. Naye alitaka hivyo, tusifiche. Alitaka kaburi kando ya mahindi yake, lenye msalaba wa kufuta vumbi, na siku moja yeye alazwe hapo hapo. Wala hakuna ambaye angemlaumu.

Akaingia ndani. Alitoka na bafta nyeupe aliyoinunua mwaka aliofiwa na mume, akaiweka sandukuni iwe ya kuzikiwa yeye, asije akawasumbua watu.

"Pimeni kama itatosha."

"Na wewe, mama?" Maalim akauliza.

"Mimi bado natembea."

Aliomba amwoshe. Maalim akamweleza kwa huruma kuwa hiyo ni kazi ya wanaume, na hata makaburini wanawake hawafuatani nao. Germana alikubali na hilo. Akauona uso, wakaufunika. Wakati jeneza linatoka alifika mpaka kwenye ua, akasimama. Maria aliachwa asimame chini ya msalaba mpaka mwisho, yeye hakuachwa.

Josephati alikuwa nje ya ua, mikono kifuani. Watu wakampita. Jeneza lilipomfikia alivua kofia, akafuata nyuma kabisa.

Alasiri alirudi na udongo kwenye suruali hadi magotini. Germana alikuwa chini, na mke wa Maalim amekaa naye.

"Wamemlazaje, shemeji?"

"Kwa ubavu wa kulia. Uso kaskazini, kule msituni Ngorongoro."

"Kichwani wamemwekea nini?"

"Udongo. Walimfinyangia kidogo, shavu likakaa juu yake."

"Nani alimshika kichwa?"

Josephati akaangalia mikono yake. "Mimi niliomba kushika miguu. Kichwa alishika yule dereva."

Germana akavuta kigoda, akamwekea akae.

"Anza tena," akamwambia. "Anzia mlipotoka hapa uani. Usiruke."